Alama 34 ni F au D? Kisa cha matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012

Tarehe 18 Februari 2013 Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Ufundi wa Tanzania wakati huo, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika Oktoba 2012. Watahiniwa wa shule waliopata daraja la kwanza nchi nzima walikuwa 1,641. Ukijumlisha daraja la kwanza, la pili na la tatu unapata 23,520. Waliopata daraja la nne walikuwa laki moja na ushee. Waliosalia, zaidi ya 240,000, walipata sifuri.

Sifuri laki mbili na nusu kasoro. Hakuna ukoo Tanzania ambao haukuguswa. Magazeti yaliripoti watoto waliojiua. Wazazi waliokuwa wameuza mbuzi na mahindi kulipia michango ya shule walibaki na karatasi yenye safu ya F. Nchi nzima ikaanza kubishana, kwenye daladala, kwenye vijiwe vya kahawa, ofisi za walimu, misibani na harusini, na ubishi ule haujaisha mpaka leo. Kila Januari matokeo yakitoka unarudi upya, safari hii kwa kuuliza mbona wanafaulu wengi mno.

Nimechagua kisa hiki kwa sababu kina kila kitu ndani yake: siasa, sayansi ya upimaji, na kigezo kilichobadilishwa mara kadhaa ndani ya miaka michache. Tena ni kisa kinachosimuliwa vibaya. Wengine husema watoto walionewa na Baraza la Mitihani, na hadithi inaishia hapo. Wengine husema watoto walifeli kweli, kisha wanasiasa wakawapaka rangi. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya ukweli, na nusu ile nyingine ndiyo iliyotugharimu.

Maneno ya kijiweni

Siku zile sababu zilikuwa nyingi. Wa kwanza kulaumiwa walikuwa watoto wenyewe. Ilielezwa kwamba baadhi yao walichora mazombi kwenye karatasi za majibu na wengine wakaandika mashairi ya bongo fleva, na picha hiyo ikasambaa haraka kwa kuwa inamfurahisha mtu mzima aliyekwisha kuamua kwamba kizazi hiki kimepotea. Mimi picha ile ilinihuzunisha. Mtoto aliyekaa darasani miaka minne, akapewa karatasi ya Fizikia na asione ndani yake hata swali moja la kuanzia, atafanya nini kwa saa tatu?

Kisha wakalaumiwa walimu. Julai 30, 2012 Chama cha Walimu Tanzania kilianza mgomo, na siku chache baadaye mahakama ikaamuru usitishwe. Walimu wakarudi darasani, lakini malalamiko ya mishahara na madeni hayakwisha. Watu wakasema walimu waliendelea na mgomo baridi: wanaingia darasani, wanaandika ubaoni, wanatoka. Sina njia ya kupima mgomo baridi ulichangia kiasi gani. Ninachojua ni kwamba miezi miwili ya uvivu, hata kama ilikuwepo, haiwezi kuzaa peke yake watu 240,000 wenye sifuri.

Tatu, shule za kata. Hapa kuna jambo zito. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza mwaka 2004, na kuanzia 2006 kila kata ikahimizwa kujenga sekondari yake. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745 zenye wanafunzi wapatao 524,000. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266 zenye wanafunzi zaidi ya milioni 1.6. Idadi ya wanafunzi ikawa mara tatu ndani ya miaka mitano! Majengo yanaweza kuota haraka namna hiyo kwa nguvu za wananchi na mifuko ya saruji. Mwalimu wa Hisabati haoti hivyo. Ndipo wakaletwa vijana waliomaliza kidato cha sita, wakapewa mafunzo ya muda mfupi sana na kupelekwa kufundisha, na wananchi wakawabatiza jina la voda fasta. Maabara hazikuwepo. Shule nyingi zilikuwa na mwalimu mmoja wa sayansi au hazina kabisa.

Nne, na hili halikusemwa sana kijiweni, ulikuwepo uamuzi wa kuondoa kizuizi cha mtihani wa kidato cha pili. Kuanzia mwaka 2008 mwanafunzi aliyefeli mtihani huo aliendelea na kidato cha tatu, na kizuizi kikarudishwa mwaka 2012. Hesabu mwenyewe: waliofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2012 walikuwa kidato cha pili mwaka 2010, kizuizi kikiwa hakipo. Hao ndio watoto ambao wakubwa waliacha kuwauliza kama wameelewa, mpaka siku ya mwisho.

Kuhusu lugha sitasema mengi, ingawa ni kubwa. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba aliingia kidato cha kwanza na kukuta kila somo, isipokuwa Kiswahili chenyewe, liko kwa Kiingereza. Ukimwuliza mmea unatengenezaje chakula chake atakueleza vizuri. Mpe swali hilohilo kwa Kiingereza na kalamu, atanukuu sentensi aliyokariri, na akikosa neno moja sentensi yote inaporomoka. Karatasi ile ya Biolojia ilipima Kiingereza kwanza, Biolojia baadaye.

Tume, na jambo ambalo kijiwe hakikulijua

Bunge lilikuwa tayari limechafuka kabla hata matokeo hayajatoka. Mwishoni mwa Januari 2013 James Mbatia, mbunge wa kuteuliwa kutoka NCCR-Mageuzi, alipeleka hoja binafsi kuhusu udhaifu wa sekta ya elimu, akidai pamoja na mengine kwamba mitaala yenyewe haionekani ilipo. Mjadala uliishia kwenye vurugu. Wiki chache baadaye yakaja matokeo, na wapinzani wakataka Waziri ajiuzulu. Hakujiuzulu. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome kuchunguza chanzo.

Tarehe 3 Mei 2013 William Lukuvi, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, alisimama bungeni Dodoma na kusema jambo ambalo watu wengi hawakutarajia kulisikia: matokeo yale yamefutwa, na yatapangwa upya. Sababu aliyoitoa haikuhusu mazombi wala mgomo. Baraza la Mitihani lilikuwa limebadilisha namna ya kupanga madaraja bila maandalizi ya kutosha na bila kuwashirikisha wadau.

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye ufundi wenyewe, maana bila huo kisa chote kinabaki kelele.

Kwa desturi ya nyuma, Baraza halikuwa na mpaka mmoja wa A au D unaodumu mwaka hadi mwaka. Baada ya kusahihisha, wataalamu walitazama jinsi alama zilivyotawanyika katika kila somo, kisha wakapanga A ianzie wapi na D iishie wapi. Karatasi ikiwa ngumu mwaka ule, mpaka ulishushwa. Ikiwa nyepesi, ulipandishwa. Kwa mtihani wa 2012 Baraza likaweka mipaka isiyosogea: A kuanzia 80, B kuanzia 65, C kuanzia 50, D kuanzia 35, na chini ya 35 ni F.

Kila njia ina akili yake. Mpaka usiosogea una sifa ya uwazi: mwanafunzi anajua mapema akipata 35 amevuka, na hakuna mtu chumbani anayesogeza chochote baada ya kuona majina ya shule. Ubaya wake ni kwamba unachukulia kuwa karatasi ya mwaka huu ina uzito sawa na ya mwaka jana, na hakuna mtunzi wa mitihani duniani anayeweza kuapa hivyo bila kuyajaribu maswali yake kwanza. Mpaka unaosogea unamlinda mtoto dhidi ya karatasi iliyotungwa vibaya. Lakini nao una hatari yake, tena kubwa: watoto wote wakiwa wamezorota kweli, mpaka utashuka pamoja nao, na serikali itaona asilimia zilezile miaka kumi huku maarifa yakiyeyuka.

Wataalamu wa upimaji wana njia za kutoka kwenye mtego huu. Wanaweza kukaa na karatasi swali kwa swali, kabla ya mtihani, na kuamua mtoto wa kupita kwa shida anapaswa kuweza yapi. Wanaweza kurudia maswali machache ya siri mwaka hadi mwaka, ili wajue kama waliobadilika ni watoto au ni karatasi. Ni kazi ya polepole, inayotaka fedha na watu waliosomea. Aliyeongoza Baraza wakati huo, Dk. Joyce Ndalichako, ni mtu wa fani hiyohiyo ya upimaji, kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Baraza lilifanya jambo lile kwa ujinga. Nia ya kuwa na kigezo kinachojulikana ilikuwa njema. Kosa lilikuwa kumbadilishia mtoto sheria baada ya miaka minne ya masomo, naye hajui, mwalimu wake hajui, mkuu wa shule hajui. Hata kama 35 ni mpaka wa haki kabisa, unatangazwa siku mtoto anaingia kidato cha kwanza, au angalau cha tatu.

Hesabu ambayo haikufanywa hadharani

Tarehe 30 Mei 2013 matokeo mapya yakatoka kwa utaratibu wa zamani. Ufaulu ulipanda kutoka takriban asilimia 34 hadi asilimia 43. Sifuri zikashuka kutoka zaidi ya 240,000 hadi karibu 210,000. Watoto wapatao elfu thelathini waliolala na sifuri waliamka na daraja la nne. Kwa mtoto mmoja mmoja lile ni jambo la maisha na kifo, na nafurahi lilifanyika.

Lakini tazama hesabu yenyewe. Mwaka 2011 ufaulu ulikuwa zaidi kidogo ya asilimia 53. Kutoka hapo hadi 34 ni anguko la kama pointi kumi na tisa. Kurudisha utaratibu wa zamani kulirejesha karibu pointi tisa. Pointi kumi nyingine zilibaki palepale, na hizo hazihusiani na mpaka wa D. Rudi nyuma zaidi, wakati utaratibu unaosogea ukiwa kazini bila kuguswa: asilimia 90 mwaka 2007, 83 mwaka 2008, 72 mwaka 2009, 50 mwaka 2010. Anguko la pointi arobaini kwa miaka mitatu! Na hilo lilitokea kwa mfumo uleule uliokuja kuitwa mkombozi mwezi Mei 2013.

Kama ningekuwa mbunge siku ile ningeuliza swali hili moja tu. Tumesikia kwamba Baraza lilikosea mipaka, sawa. Je, ile miaka mitatu kabla ya hapo nani alikosea? Sikumbuki swali hilo likiulizwa kwa uzito uliostahili. Serikali ilikuwa imepata jibu lililoipa nafuu, yaani tatizo ni la kiufundi na limerekebishwa. Upinzani nao ulikuwa umepata ushindi wake, kwa kuwa matokeo yamefutwa. Wote wawili walikuwa na sababu ya kuacha mjadala ufie pale, na watoto 210,000 waliobaki na sifuri baada ya marekebisho hawakuwa na msemaji.

Nadhani hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi kuhusu namna tunavyobishana juu ya elimu. Tunapenda sababu moja. Ukisema ni mipaka ya madaraja, unaonekana unawatetea watoto wavivu. Ukisema ni ufundishaji, unaonekana unalitetea Baraza la Mitihani. Ilhali karatasi ileile ya takwimu inasema kwa sauti moja: karibu nusu ya anguko ni namna ya kupima, na nusu nyingine si hiyo.

Asilimia iliyoahidiwa kabla ya mtihani

Yaliyofuata yananisumbua kuliko Februari ile yenyewe.

Mwaka huohuo wa 2013 serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilianzisha Matokeo Makubwa Sasa, mpango uliochukuliwa kutoka Malaysia. Kwa upande wa elimu lengo lilikuwa ufaulu ufike asilimia 80 ifikapo 2015. Shule zikaanza kupangwa kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, kwa kufuata matokeo. Fikiria: mwaka umeanza na asilimia 34, na serikali imeahidi 80 ndani ya miaka mitatu. Walimu wa sayansi hawazaliwi ndani ya miaka mitatu. Kitu pekee kinachoweza kwenda kwa kasi hiyo ni mpaka wa daraja.

Mwishoni mwa Oktoba 2013, wakati watahiniwa wa mwaka ule wako mlangoni mwa chumba cha mtihani, Wizara ilitangaza madaraja mapya. Aliyetangaza ni Profesa Mchome, mwenyekiti wa ile tume, ambaye sasa alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara. A ikaanzia 75. Ikaja B+ kuanzia 60, B kuanzia 50, C kuanzia 40, D kuanzia 30, E kuanzia 20, na F ikabaki kwa walio chini ya 20. Alama za maendeleo shuleni zikapewa uzito wa 40 na mtihani wa mwisho 60. Ikatangazwa pia kwamba daraja sifuri linaondoka na mahali pake linakuja daraja la tano. Kelele zilipokuwa nyingi serikali ikasema sifuri bado ipo.

Chukua mtoto mmoja mwenye alama 62 katika Historia. Kwa mipaka ya Februari 2013 ana C. Kwa mipaka ya mwishoni mwa mwaka ule ana B+. Kwa mipaka inayotumika sasa, A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, mtoto huyo amerudi kwenye C. Mwenye 34 alikuwa na F, akapata D, na leo bado ana D. Mwenye 28 alikuwa na F, akapewa E, sasa ana F tena. Hakuna aliyejifunza neno jipya wala kusahau la zamani katika safari hiyo yote.

Matokeo ya 2013 yalipotoka Februari 2014, ufaulu ulikuwa asilimia 58.25. Uliandikwa kwenye taarifa kando ya asilimia 43 ya mwaka uliotangulia, na vichwa vya habari vikasema ufaulu umepanda. Mkulima wa pamba anayeona mizani ya mnunuzi imebadilishwa msimu huu hawezi kukuambia kama shamba lake limezaa zaidi. Atakuambia kwanza turudishe mizani ya zamani, tupime tena. Sisi tulipima kwa mizani mbili tofauti na tukashangilia tofauti.

Sisemi kwamba ongezeko lote la mwaka ule lilikuwa la mipaka. Huenda walimu walishtuka, huenda watoto walisoma kwa hofu, huenda kizuizi cha kidato cha pili kilichorejea kilianza kuamsha shule. Tatizo ni kwamba tulijinyima wenyewe uwezo wa kujua. Na zile alama 40 za shuleni, ambazo asili yake ni wazo zuri la tangu Azimio la Musoma la 1974 kwamba mtoto asihukumiwe kwa karatasi ya siku moja, ziliingizwa bila ulinzi. Mkuu wa shule anayejua kwamba shule yake itapakwa rangi nyekundu ana sababu gani ya kumwandikia mtoto 15 kati ya 40?

Mwaka 2014 mfumo ukabadilika tena. Madaraja ya kwanza hadi la nne yakaachwa, ikaja GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, yenye distinksheni, meriti, krediti na pasi. Wazazi wakawa wanauliza meriti ni divisheni ngapi, na baadhi ya walimu wakawa wanakisia. Desemba 2015 Rais John Magufuli akamteua Ndalichako, aliyekuwa ameshatoka Baraza la Mitihani, kuwa Waziri wa Elimu. Hakukawia: Januari 2016 alilitaka Baraza lieleze GPA ililetwa kwa sababu gani, hakuridhika na majibu, na matokeo ya 2015 yakatangazwa Februari 2016 kwa divisheni. Mtu aliyekuwa akiongoza Baraza siku sifuri zilipotangazwa ndiye aliyekuja kufunga mlango wa mabadiliko. Kwa hili namsifu. Mipaka iliyowekwa wakati ule imedumu, na kudumu kwake kuna thamani kuliko kama ni 30 au 35.

Si sisi peke yetu

Wenzetu Kenya walipata la kwao mwaka 2016. Chini ya Waziri Fred Matiang'i, waliopata A katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, walishuka kutoka zaidi ya 2,600 mwaka 2015 hadi 141. Serikali ilisema imeziba mianya ya wizi wa mitihani, na kweli mwaka uliotangulia wizi ulikuwa umekithiri. Wazazi na walimu wakauliza kama kuna kitu kimebadilishwa pia kwenye upangaji wa alama. Uingereza nako, mwaka uleule wa 2012, mpaka wa alama katika somo la Kiingereza la GCSE, mtihani wao wa sekondari, ulipandishwa kati ya Januari na Juni, wanafunzi na shule wakaenda Mahakama Kuu, na Februari 2013 wakashindwa. Nataja hayo kwa ajili ya wale wanaodhani kuhamahama kwa mipaka ni ugonjwa wa nchi maskini.

Tulipofika sasa

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2024 yalionyesha ufaulu wa asilimia 92.37. Mtu aliyekuwepo Februari 2013 akisikia namba hiyo atashuku, na shaka yake ina msingi. Ila asiitupe namba yote. Waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa karibu asilimia 43 ya watahiniwa, ambapo mwaka 2012, kabla ya marekebisho, walikuwa kama asilimia 6. Sehemu ya tofauti hiyo ni mipaka iliyolegezwa, lakini mipaka peke yake haiwezi kubeba umbali wote huo. Ndani ya miaka hiyo kumi na miwili walimu wameajiriwa, maabara zimejengwa kata kwa kata, ada imefutwa tangu 2016. Mipaka hii imesimama tangu wakati ule, kwa hiyo kupanda kwa miaka ya karibuni kunasomeka kwa uaminifu zaidi kuliko kule kwa 2014.

Sasa chukua Hisabati. Mwaka huohuo wa asilimia 92, waliofaulu Hisabati walikuwa kama robo tu ya watahiniwa. Watoto watatu kati ya wanne wanapata F katika somo ambalo kila mmoja wao alilazimika kulisoma kwa miaka minne. Mambo haya mawili yanakaa pamoja kwa sababu mtahiniwa akipata D mbili, au C moja, anahesabiwa amefaulu kwa daraja la nne. Huo ni uamuzi, na unaweza kuwa uamuzi mzuri: mtoto aliyeweza Kiswahili na Uraia asitupwe kwenye fungu moja na asiyeweza chochote. Ila tuusome jinsi ulivyo. Asilimia 92 inasema wangapi walipata angalau D mbili au C moja. Haisemi wangapi wanajua kutafuta riba ya mkopo.

Baraza huchapisha kila mwaka taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, zikiwa na vipande vya majibu mazuri na mabaya vilivyochukuliwa kwenye karatasi zenyewe. Zipo kwenye tovuti yake, bure. Kwa maoni yangu hizo ndizo nyaraka muhimu kuliko zote zinazotolewa baada ya mtihani, na sijawahi kuona gazeti likizipa ukurasa wa mbele. Ningetaka kila kikao cha wazazi cha mwezi wa pili kianze kwa mwalimu wa somo kusoma kurasa mbili za taarifa hiyo: swali hili la sehemu lilikosewa hivi, watoto walifikiri hivi, shuleni kwetu waliokosea ni wangapi. Na ningetaka Baraza liongeze jambo moja dogo kwenye tangazo lake la Januari. Kando ya asilimia ya ufaulu liweke wastani wa alama ghafi wa kila somo, kabla hazijageuzwa kuwa herufi, pamoja na wastani wa miaka mitano iliyopita. Herufi zinaweza kuhamishwa kwa waraka mmoja wa Wizara. Wastani wa alama ghafi hauhamishwi na waraka, na kama karatasi ya mwaka fulani ilikuwa ngumu kupita kiasi, hapo ndipo wataalamu waje waeleze hadharani, kabla madaraja hayajapangwa.